Owino Uhuru: Kabla ya Koleo, Ramani ya Udongo

Desemba 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya ilirejesha hukumu iliyotolewa Mombasa Julai 2020 na Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuhusu makazi ya Owino Uhuru, Mikindani. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeitengua fidia iliyoamriwa humo mwaka 2023. Sasa imerudi, na hakuna ngazi nyingine ya kukatia rufaa. Hukumu ina mafungu mawili ya fedha. La kwanza ni shilingi bilioni 1.3, fidia kwa wakazi waliodhuriwa na risasi, metali ya sumu (lead), iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichokuwa ukuta kwa ukuta na nyumba zao. La pili ni shilingi milioni 700 za kusafisha mazingira, endapo waliopatikana na hatia wangeshindwa kusafisha udongo na maji wenyewe ndani ya miezi minne. Uratibu wa fungu hilo la pili ulipewa CJGEA, shirika la Phyllis Omido, mama aliyewahi kuajiriwa kiwandani humo, mwanawe akapata sumu ya risasi hiyo, na ambaye mwaka 2015 alipata Tuzo ya Goldman kwa kukipigania kijiji hicho.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Risasi ilibaki. Ni metali, haiozi, hailiwi na vijidudu, haikaushwi na jua. Gramu iliyoanguka uani mwaka 2010 ingali pale pale, isipokuwa kama mvua, ufagio au mguu wa mtu umeisogeza.

Mjadala mwingi unahusu bilioni 1.3: nani alipwe, kiasi gani, lini. Ni haki ya watu na walipwe haraka. Lakini milioni 700 ndizo zitakazoamua kama mtoto atakayezaliwa Owino Uhuru mwaka kesho atakua salama, na fedha hizo zinaweza kwisha zote kwenye malori ya udongo huku vumbi la ndani ya nyumba likibaki na risasi ile ile. Hilo litatokea kazi ikianza na koleo badala ya ramani, na ikiishia kwenye picha ya uwanja uliosawazishwa badala ya daftari la msajili wa ardhi.

Kwanza, risasi ilifikaje mpaka mlangoni mwa watu? Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi: vyuma vya wavu ndani yake, na ule uji mzito wa oksidi na salfeti uliopakwa juu ya wavu. Betri ikipasuliwa, tindikali ya salfuriki humwagika na uji ule hukauka ukawa unga laini kama poda ya mtoto. Kisha tanuri: moshi wake hubeba chembe ndogo mno, na chini yake hubaki takataka nyeusi ya kuyeyushia, nzito, yenye risasi iliyogoma kutoka, pamoja na antimoni na aseniki zilizokuwa zimechanganywa na risasi ya betri ili iwe ngumu.

Kwa hiyo uchafu ulitoka kwa njia tatu, na kila njia imeacha alama ya umbo lake. Moshi na vumbi vilitawanyika kwa upepo. Pwani ina pepo mbili kuu: kaskazi husukuma moshi kuelekea kusini-magharibi, kusi huusukuma kuelekea kaskazini-magharibi, hivyo tusitarajie duara kuzunguka bomba la moshi, tutarajie mikono miwili. Uchafu wa aina hii ni mwembamba, umesambaa, na umekaa sentimita chache za juu tu. Maji machafu yalipita kwenye mtaro. Uchafu wake ni ukanda mwembamba lakini umeshuka chini, kwa sababu tindikali huyeyusha risasi na kuizamisha, wakati katika udongo wa kawaida risasi huganda karibu na juu. Njia ya tatu ni kifusi na takataka ya tanuri zinazobebwa kwa toroli na kujaziwa mashimo ya njia au misingi ya nyumba. Hizo ni nukta kali, na huwezi kuzibashiri kwa kuangalia upepo wala mteremko. Unazipata kwa kuwauliza wazee wa mtaa na waliokuwa wafanyakazi, kisha kupima.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha Owino Uhuru na makazi mengine ya Mombasa yanayoitwa Bangladesh. Wastani wa risasi katika damu ya watoto ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita Owino Uhuru, dhidi ya 3.7 Bangladesh. Kwenye udongo ilikuwa miligramu 146.5 kwa kilo, dhidi ya 14.5. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mtoto akifikia mikrogramu 5. Namba ya udongo inastahili kusomwa polepole. Kwa upande mmoja ni mara kumi ya jirani. Kwa upande mwingine, iko chini ya 200, kiwango ambacho mamlaka ya mazingira ya Marekani ilikiweka Januari 2024 kuwa cha kuanzia uchunguzi katika makazi, baada ya kukishusha kutoka 400. Mtu mwenye haraka anaweza kuikamata namba hiyo na kusema hapana kazi hapa.

Atakuwa amekosea. Huo ni wastani wa kijiometri, hesabu ambayo kwa asili yake hupunguza nguvu ya namba kubwa. Ua mmoja wenye 40 na mwingine wenye 2,000 hukupa wastani wa namna hiyo wa takriban 283, na mtoto anayecheza kwenye ua wa pili haishi kwenye wastani. Funzo la 146.5 ni kwamba sehemu kubwa ya Owino Uhuru pengine haihitaji kuchimbwa, na sehemu ndogo inahitaji kuchimbwa sana. Anayekwangua kila mahali kwa kina kimoja atalipia udongo mzuri kwa bei ya mbaya, na kule kwenye mtaro ataacha uchafu chini ya kina alichokifikia.

Upimaji wenyewe si ghali ukilinganisha na uchimbaji. Kifaa cha mkononi cha eksirei, kinachojulikana kwa kifupi kama XRF, husoma risasi kwenye udongo kwa sekunde 30 hadi 60. Timu ya watu watatu yenye mazoezi inaweza kumaliza nyua nyingi kwa siku. Makosa yanajulikana, na mengi huelekea upande mmoja, wa kuonyesha namba ndogo kuliko ukweli. Udongo ukiwa na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, usomaji hushuka. Basi sampuli ikaushwe kwanza, hasa miezi ya masika. Kifaa kikielekezwa juu ya kokoto badala ya unga, namba inakuwa ya kokoto. Mkono wa mtoto hauokoti kokoto, huokota chembe ndogo kuliko mikromita 150, na humo ndimo risasi hujikusanya. Kwa hiyo udongo uchekechwe kwa chekeche ya ukubwa huo kabla ya kusomwa. Na sampuli moja kati ya kumi, kwa uchache moja kati ya ishirini, ipelekwe maabara kuthibitisha, zikichaguliwa kutoka namba za chini, za kati na za juu, na hasa zile zinazokaribia mpaka wa uamuzi.

Kila ua uhesabiwe kuwa kipande cha uamuzi. Chukua vijisampuli kutoka pembe tofauti, vitano kwa ua mdogo na thelathini kwa uwanja wa shule, uvichanganye, upime kwa tabaka tatu: sentimita 0 hadi 2.5, 2.5 hadi 15, na 15 hadi 30. Usichanganye na udongo wa chini ya ukingo wa bati. Mvua ya miaka ilikuwa ikiosha vumbi kutoka kwenye paa na kulidondoshea mstari ule ule mmoja, na mara nyingi mstari huo una namba ya juu kuliko ua mzima. Upimwe peke yake. Vivyo hivyo vumbi la juu ya boriti na kenchi, maji ya pipa linalokinga mvua, na ukuta.

Ukuta nautaja kwa makusudi. Nyumba za miti na udongo ni nyingi katika makazi kama haya, na udongo wa kukandika hutolewa hapo hapo nje. Nyumba iliyokandikwa au kufanyiwa ukarabati wakati tanuri linafanya kazi inaweza kuwa na risasi ndani ya ukuta wenyewe, nao hubanduka kidogo kidogo kila siku mpaka kitandani. Ukuta wa saruji unaoshwa. Wa udongo hauoshwi. Ama upigwe lipu nzito ya saruji pande zote mbili, ama ubomolewe na kuhesabiwa kuwa taka. Bajeti ambayo haina mstari wa kuta itafika kwenye kuta ikiwa imekwisha.

Ramani ikipatikana, ndipo inakuja namba ya kuamulia. Neno "kusafisha" peke yake haliwezi kupimwa, na mkandarasi asiyepewa namba atasafisha mpaka fedha ziishe au mpaka mkaguzi achoke. California hutumia miligramu 80 kwa kilo kwa makazi. Kwa Owino Uhuru, pendekezo langu ni hili: pale watoto wanapocheza, chochote kinachozidi 200 kiondolewe au kifunikwe kabisa, kwenye nyua nyingine na njia, kinachozidi 400 kiondolewe, na kilicho kati ya 200 na 400 kifunikwe, kwenye kiwanja cha kiwanda, ambako hakuna wa kulala, namba inaweza kuwa juu zaidi mradi kifuniko kiwe cha kudumu. Mtu anaweza kubishana na namba hizo. Lakini ziandikwe kwenye mkataba kabla ya zabuni kufunguliwa.

Kwa nini nasisitiza tusichimbe ovyo? Hesabu ni rahisi. Hekta moja ikikwanguliwa sentimita 10 hutoa mita za ujazo 1,000, ambazo ni kama tani 1,500. Kwa lori la tani 10 hizo ni safari 150 za kutoka, na safari karibu 150 za kuleta udongo safi wa kurudishia. Ukienda sentimita 30, ni safari 450 kwenda na 450 kurudi. Udongo uliochimbwa huvimba kwa karibu robo, hivyo turubai la lori lililojaa mpaka juu halifungi, na kila tuta la barabarani linamwaga risasi mbele ya mlango wa mtu ambaye hakuwa na tatizo hilo jana. Njia za Owino Uhuru ni nyembamba. Sehemu kubwa ya kazi itafanywa kwa sululu, koleo na toroli, na lori litasubiri barabarani. Kila sentimita unayookoa kwa kupima vizuri ni fedha inayorudi kwenye kuta, mapaa na vyoo.

Kila mradi wa namna hii huletewa pendekezo la kupanda mimea inayofyonza sumu: alizeti, haradali, katani. Kwa metali nyingine lina nafasi yake. Kwa risasi, hesabu inalikataa. Hekta moja yenye miligramu 1,000 kwa kilo katika sentimita 10 za juu ina kilo 1,500 za risasi. Mazao mazuri ya tani 10 za mimea mikavu kwa mwaka, yenye miligramu 100 za risasi kwa kilo, hutoa kilo moja. Kushusha udongo huo mpaka 200 kungechukua karne kumi na mbili. Majani yapandwe kwa ajili ya kushika vumbi na kuzuia mmomonyoko, kazi ambayo yanaifanya vizuri sana, lakini asiuziwe mtu yeyote alizeti kama dawa ya risasi.

Fosfeti ni habari tofauti. Risasi ikikutana na fosfeti huunda madini magumu ambayo tumbo haliyafyonzi kirahisi. Huko South Prescott, Oakland, mamlaka ya mazingira ya Marekani ilichanganya unga wa mifupa ya samaki kwenye nyua za watu kuanzia mwaka 2011, badala ya kuubeba udongo wote. Mombasa ina samaki na mifupa yake, na wazo linavutia. Tahadhari ni mbili. Risasi haiondoki, kwa hiyo namba ya XRF itabaki ile ile, na mafanikio yapimwe kwa jaribio la maabara la kiasi kinachoyeyuka tumboni. Bila hilo wakazi wataona namba ileile na wataamini, kwa haki kabisa, kwamba wamedanganywa. La pili ni zito zaidi: fosfeti huisukuma aseniki iachie udongo na kuingia majini. Pale palipotupwa takataka ya tanuri la betri, aseniki ipo. Basi fosfeti itumike kwenye nyua zilizoguswa na vumbi tu, baada ya aseniki kupimwa, na isisogezwe karibu na mtaro wala kiwanja cha kiwanda.

Kwa udongo mkali kabisa, saruji hufunga. Changanya kati ya asilimia 5 na 15 kwa uzito, kutegemea majaribio. Wengi huharibu hapa kwa kuamini kwamba saruji nyingi ni usalama zaidi. Risasi huyeyuka kwenye tindikali, na huyeyuka tena kwenye alkali kali. Ukipita 12 kwenye pH, kipimo cha tindikali na alkali, risasi iliyokuwa imeganda inaanza kutoka. Mchanganyiko mzuri unapatikana kwenye ndoo kumi za majaribio, zikikaa siku 28 kisha kupimwa kwa jaribio la kuvujisha. Marekani mpaka wa jaribio hilo kwa risasi ni miligramu 5 kwa lita. Siku 28 hizo ziwekwe kwenye ratiba mapema, maana mkandarasi mwenye haraka ataziruka.

Mpangilio wa kazi ndio mahali ambapo miradi mingi imeanguka. Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, na tangu hapo mashirika yamesafisha nyua za watu kwa awamu, huku rundo la mabaki ya mgodi likiendelea kukaa wazi juani. Upepo wa kiangazi unarudisha vumbi kwenye ua uliosafishwa. Owino Uhuru isirudie hilo. Kiwanja cha kiwanda kwanza: takataka iliyobaki, sakafu, mashimo ya kutulizia maji, mtaro. Kisha nyumba zilizo upande wa juu wa mteremko kuelekea chini, ili mvua isirudishe uchafu palipokwisha. Ndani ya kila nyumba, paa na boriti kwanza, kuta pili, sakafu tatu, ua mwisho. Godoro na mazulia hayafuliki yakawa safi. Yabadilishwe, na gharama iwe kwenye bajeti. Ufagio mkavu upigwe marufuku wakati wote wa kazi. Ni kitambaa chenye maji na sabuni, ndoo mbili, moja ya kuoshea na moja ya kusuuzia, na mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha HEPA. Ile ya kawaida ya dukani hupokea vumbi kubwa kwa mbele na kutema jembamba kwa nyuma, hewani, usawa wa pua.

Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, zaidi ya watoto 400 walikufa kwa risasi iliyotokana na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) waliokuwa wakitibu huko walishika sharti moja kali: mtoto hapewi dawa ya kuondoa risasi mwilini mpaka nyumba anayorudi iwe imesafishwa. Kijiji cha Bagega kilingoja fedha za serikali mpaka mapema 2013 ndipo kikasafishwa na matibabu yakaanza. Usafishaji ulifanywa na wanakijiji wenyewe kwa mikono, wakisimamiwa na wataalamu wenye vifaa vya XRF, wakiondoa tabaka la juu na kurudishia udongo safi. Mfano huo unafaa Owino Uhuru kuliko wa nchi zenye mashine kubwa, na ajira ingebaki kijijini.

Ila wafanyakazi hao walindwe kwa dhati. Kila mmoja apimwe damu kabla ya siku ya kwanza, baada ya mwezi, kisha kila miezi miwili. Nguo za kazi zibaki kazini na zifuliwe huko; baba aliyebeba vumbi nyumbani kwenye suruali amebatilisha kazi yake ya siku nzima. Barakoa ziwe za kichujio cha P100 au P3, zenye kubana uso. Zile za kitambaa hazina kazi hapa. Maji ya kunawa, sabuni na mahali pa kulia chakula viwe nje ya mstari wa kazi, na asiwepo anayevuta sigara ndani. Msimu unaofaa ni Januari hadi Machi, kabla ya masika, lakini ni msimu wa vumbi pia, kwa hiyo udongo ulowanishwe kwa mnyunyizo mwepesi kabla ya kuguswa. Maji mengi mno huugeuza tope linalotembea na viatu.

Na udongo uliochimbwa uende wapi? Tusiupeleke kwenye jaa la wazi kama Mwakirunge, ambako watu huokota vyuma na mifugo hula. Kusafirisha nje ya nchi kunawezekana kwa tani chache za takataka ya tanuri yenye risasi nyingi, chini ya Mkataba wa Basel wa usafirishaji wa taka hatarishi, lakini si kwa maelfu ya tani za udongo. Suluhisho la busara ni shimo lililojengwa ndani ya kiwanja cha kiwanda chenyewe, ardhi ambayo tayari imeharibika. Chini, sentimita 60 za mfinyanzi ulioshindiliwa. Juu yake karatasi nzito ya plastiki ya HDPE ya milimita 1.5, maungio yakichomwa na kupimwa kwa hewa. Kisha kitambaa cha kukinga, kokoto sentimita 30 na bomba la kukusanya maji yanayovuja. Udongo unaingia kwa tabaka na kushindiliwa. Juu, plastiki tena, udongo safi na majani, au zege. Visima vinne vya ukaguzi, kimoja upande maji ya ardhini yanakotoka na vitatu yanakokwenda, vichotwe mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli. Mita za ujazo 3,000 zikipangwa kwa kimo cha mita 3 zinahitaji mita za mraba 1,000, na zaidi ukiongeza miteremko ya pembeni. Matatizo ya mashimo ya namna hii mara nyingi huanzia kwenye maungio ya plastiki yaliyochomwa siku ya mvua, na kwenye lori lililopita juu ya plastiki kabla ya kokoto. Msimamizi awepo siku hizo mbili hata kama siku nyingine hayupo.

Mkataba ulipwe kwa eneo lililothibitishwa, si kwa tani. Ukilipa kwa tani, kila motisha ya mkandarasi ni kuchimba zaidi, na wenye kumlaumu watakosa la kusema kwa sababu risiti za mizani ni za kweli. Ukilipa kwa kila ua uliopita kipimo baada ya kazi, kipimo hicho kikifanywa na maabara ambayo haikuletwa na mkandarasi, atachimba panapohitajika. Udongo safi unaoletwa upimwe pia, sampuli moja kwa kila mita za ujazo 500 kwa uchache, kabla haujapakuliwa. Yapo machimbo yanayochukua kifusi cha mjini na kukiuza kama udongo mpya.

Pale panapofunikwa badala ya kuchimbwa, kifuniko ni sentimita 30 za udongo safi au murram, chini yake kitambaa cha rangi ya chungwa kinachomwambia yeyote atakayechimba baadaye kwamba amefika mpaka. Kwenye njia, kabro au zege. Adui mkubwa wa kifuniko ni choo. Choo cha shimo hujaa, familia huchimba kingine, na udongo wa mita tatu chini, uliopitia tabaka chafu, humwagwa juu ya kifuniko kilichogharimu mamilioni. Mwaka mmoja wa vyoo vipya unatosha kutoboa kijiji kizima. Kwa hiyo vyoo vya pamoja vyenye bomba la majitaka vijengwe kabla ya kufunika, na mabomba ya maji na nyaya zipitishwe kwenye mifereji iliyojazwa udongo safi, upana wa mita moja, ili fundi bomba wa mwaka 2040 akifukua asikutane na kitu.

Kuhusu kiwanja cha kiwanda, tuseme wazi kwamba kitapata mnunuzi. Mikindani iko karibu na Changamwe, bandari na barabara ya Nairobi. Yadi za makontena zinatafuta ardhi kila upande. Yadi si matumizi mabaya hata kidogo. Zege la sentimita 20 hadi 25 linalobeba malori ndilo lile lile linalofunika risasi, na mpangaji analipa matunzo yake, mradi maungio ya zege yazibwe, maji ya mvua yatoke kwa mtaro uliosakafiwa, na pasichimbwe mashimo ya kufyonzea maji chini yake. Kinachotisha ni kijiji kilicho pembeni. Owino Uhuru ni makazi yasiyo rasmi. Ardhi ikishasafishwa kwa fedha zilizopatikana kwa maumivu ya wakazi, bei yake itapanda, na atakayekuja na karatasi anaweza kuwaondoa wale wale waliougua. Umiliki wao usuluhishwe kabla ya koleo la kwanza. Baada ya hapo watakuwa wanajadiliana na watu wenye sababu mpya ya kuwakatalia.

Sheria ya Kenya ya Uratibu na Usimamizi wa Mazingira ya 1999 ina chombo ambacho hakizungumzwi vya kutosha. Vifungu vya 112 hadi 116 vinairuhusu mahakama kuweka masharti ya kimazingira juu ya kipande cha ardhi, kwa muda maalumu au kwa kudumu, na masharti hayo husajiliwa pamoja na hati ya ardhi hiyo. Mtu yeyote, au kundi la watu, anaweza kuomba. Mwenye ardhi anayebanwa ana nafasi ya kudai fidia, jambo la kuzingatia wakati wa kugawa milioni 700. Masharti yanayofaa hapa ni machache na ya kueleweka: hapana makazi, shule wala kisima kwenye kiwanja cha kiwanda, hapana kuchimba zaidi ya sentimita 30 bila notisi kwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na kwa kaunti, kifuniko kikaguliwe kila mwaka na ripoti ibandikwe hadharani, gharama ya ukaguzi itoke kwenye akaunti iliyotengwa tangu mwanzo, ya kutosha miaka ishirini. Bila usajili huo, mnunuzi wa tatu hatajua, na mvunja zege wake hatauliza.

Damu za watoto zipimwe kabla ya kazi, kisha baada ya miezi 3, 6 na 12. Wazazi waambiwe mapema kwamba namba itashuka polepole: nusu ya risasi iliyo kwenye damu huondoka kwa takriban mwezi mmoja, lakini mifupa huwa imeweka akiba ya miaka na kuirudisha kidogo kidogo. Dawa za kuondoa risasi hutolewa kuanzia mikrogramu 45 kwa desilita. Kwa mtoto mwenye mikrogramu 10 au 15, tiba ni nyumba safi, chuma na kalisi kwenye chakula. Mtoto ambaye namba yake haijashuka baada ya miezi 6 anaonyesha nyumba ambayo timu ilipita bila kumaliza, na timu irudi hapo na kifaa, ikianzia juu ya boriti.

Ombi la kusajili masharti ya ardhi halihitaji kungoja usafishaji ukamilike. Ramani ya upimaji wa awamu ya kwanza, yenye mipaka, kina na namba kwa kila kipande, inatosha kuwa kielelezo mahakamani, na wakazi wa Owino Uhuru wanaweza kuwa waombaji wenyewe.